Jaribu Kwanza kwa Mahindi Yako

Kazi ya mwalimu ni kusahihisha makosa ya watu wengine. Jioni baada ya jioni hukaa mezani na rundo la madaftari, akipiga mstari mwekundu chini ya kila neno lililoandikwa vibaya, na asubuhi huyarudisha madaftari hayo kwa uso wa mtu asiyekosea. Leo nataka kuupiga mstari huo mwekundu chini ya kosa langu mwenyewe. Si kosa la hesabu wala la sarufi. Ni kosa la magunia matatu ya mahindi, na aliyelilipa hakuwa mimi. Alikuwa shangazi yangu.

Sisi ni watu wa nyanda za juu za Marungu, juu ya ziwa Tanganyika. Kwetu kuna baridi, kuna mahindi na maharagi, na anayetaka kuuza chakula chake sharti akiteremshe Moba bandarini, ili mashua zikichukue mpaka Kalemie. Baba yangu alifariki nilipokuwa na miaka 9. Dada yake, ambaye alikuwa amekwisha kuwa mjane, alinichukua kama mtoto wa tumbo lake. Nilipokubaliwa kuingia seminari ndogo, yeye ndiye aliyelipa. Si kwa franka, kwa maana hakuwa nazo, bali kwa mahindi na maharagi aliyoyabeba kichwani mpaka misioni kila mwanzo wa muhula. Miaka ikapita, nikatambua ya kuwa wito wangu si wa upadri, nikarudi nyumbani kuwa mwalimu. Wengine walinicheka. Shangazi alisema tu: «Mahindi yangu hayakupotea. Umejifunza kusoma, basi utatusomea.»

Mliweke moyoni neno hilo, «utatusomea», kwa maana tutalirudia.

Wakulima wa kwetu wana adui anayekula usiku na mchana bila kelele. Ni fukusi, mdudu mdogo mweusi mwenye mdomo mrefu kama mkonga wa tembo. Huitoboa punje, hutaga yai ndani yake, na mtoto wake hula moyo wa punje mpaka libaki ganda tupu. Mwenye kumwogopa fukusi huuza mahindi mara tu baada ya kuvuna, wakati kila mtu anauza na bei imelala chini. Miezi sita baadaye, watoto wanapolia njaa, huyanunua mahindi yale yale kwa bei iliyopanda. Hivi mkulima hulima mara moja na kulipa mara mbili. Wengine huyamwagia mahindi yao unga wa sumu ambao hawajui jina lake wala kipimo chake, kisha huyala. Wazee wetu walitumia moshi: waliyapanga mahindi katika dari juu ya jiko, na moshi wa kila siku ukayakausha na kuwafukuza wadudu. Ni njia njema, ila dari haibebi mengi, na cheche moja huweza kuimaliza nyumba pamoja na chakula kilichomo.

Basi, mwezi wa tatu wa mwaka 2019, mchuuzi mmoja aliyekuwa amevuka ziwa kutoka Kigoma alileta magunia ya namna mpya. Kwa nje lilionekana gunia la kawaida. Lakini ndani yake mlikuwa na mifuko miwili ya plastiki nene, mmoja ndani ya mwingine, na kila mmoja hufungwa peke yake kwa kamba. Mchuuzi alisema: «Ukifunga vizuri, fukusi hufa wote, bila sumu hata chembe.» Nilikuwa nimekwisha kusikia habari za magunia hayo, nikafurahi sana. Nilinunua manne kwa mshahara wangu, nikampelekea Shangazi kama zawadi. Nilijiona mwana mwema anayerudisha deni.

Pamoja na magunia kulikuwa na karatasi ndogo ya maelezo. Niliisoma haraka, jinsi mtu asomavyo barua ambayo anadhani anajua tayari yaliyomo. Mvua ilikuwa ingali ikinyesha kila alasiri. Mahindi ya Shangazi yalikuwa yamepata jua la siku moja na nusu tu. Lakini ilikuwa siku ya Jumamosi, na Jumatatu ningerudi shuleni. Nikaitia punje mdomoni, nikaiuma, ikalia kidogo, nikasema: «Yamekauka.»

Shangazi alichota mahindi kwa mikono miwili, akayaacha yaanguke katika ungo, akatega sikio. Akasema: «Mwanangu, hayajalia. Mahindi makavu hulia kama vijiwe. Haya bado yananong'ona.»

Nami nikamjibu maneno ambayo mpaka leo hunichoma: «Shangazi, hayo yalikuwa mambo ya zamani. Gunia hili ni la kisasa, halihitaji moshi wala jua.»

Alinyamaza, kwa sababu niliyesema nilikuwa mwalimu. Tulijaza magunia matatu na kuyafunga siku ile ile. La nne halikujaa, kwa maana giza lilikuwa limeingia. Yeye alilijaza mwenyewe Ijumaa iliyofuata, baada ya kuyaanika mahindi yaliyobaki siku zote nne zilizopata jua juma lile, akiyarudisha ndani kila wingu lilipotokea.

Mwezi wa nane bei ilipanda. Shangazi alitaka kuuza magunia mawili ili kulipia masomo ya sekondari ya mjukuu wake mkubwa, na mengine mawili yawe chakula cha nyumba. Aliwaita majirani waje kuona ajabu ya mwalimu. Nilifungua gunia la kwanza mbele yao. Harufu iliyotoka ilikuwa kali, kama ya munkoyo uliochacha. Nilipoingiza mkono nikakuta mahindi yameshikamana mabonge mabonge, yenye ukungu wa kijivu na kijani. La pili lilikuwa hivyo hivyo, na la tatu pia. Fukusi walikuwa wamekufa kweli, hilo siwezi kulikana. Lakini walikuwa wamekufa pamoja na chakula.

Majirani walianza kushauri. Mmoja alisema yaoshwe, yaanikwe, yachanganywe na mazuri, kisha yasagwe. Mwingine alikuwa tayari kuyanunua kwa bei ndogo ili apike lutuku. Hapo angalau nilikuwa na neno la kweli la kusema. Ukungu wa namna ile huweza kutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Haionekani kwa macho, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na majirani zake, mashariki ya Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwaletea watu 317 ugonjwa wa ini, na 125 kati yao walikufa. Nikasema: «Mahindi haya hayaliwi, hayauzwi, wala hapewi kuku.» Tukachimba shimo nyuma ya nyumba, tukayazika. Watoto walisimama kando wakitazama, kama watu wanaohudhuria mazishi ya mtu wasiyemjua.

Jioni ile Shangazi aliniuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa hili: «Na mahindi yako wewe, mwanangu, uliyaweka wapi?»

Nilitazama chini. Mahindi yangu yalikuwa nyumbani kwangu, katika dari, juu ya moshi.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipolitambua kosa langu kwa ukamilifu. Magunia yalikuwa ghali, na mimi nilijiambia ya kuwa kumpa yeye ni upendo. Lakini chini ya upendo ule palijificha jambo jingine: nilikuwa nimeijaribu elimu yangu kwa chakula cha mjane, na chakula changu nikakilinda kwa njia ya wazee. Kama jaribio lingefaulu, sifa ingekuwa yangu; liliposhindwa, njaa ilikuwa yake. Siku iliyofuata niliteremsha mahindi kutoka dari yangu, nikampelekea. Mke wangu hakusema neno. Lakini ukimya wa mke ni barua ndefu. Hata hivyo hayakutosha kwa yote. Yule mjukuu aliingia darasani mwezi mzima baada ya wenzake, na mwaka huo hakufaulu hesabu.

Swali la pili la Shangazi lilikuja pole pole, kana kwamba anajiuliza mwenyewe: «Lile gunia la nne, tulilifunga lini?» Tukalifungua. Mahindi yalikuwa mazima, meupe, bila tundu wala harufu. Aliyachota, akayaacha yaanguke katika ungo, yakalia kama vijiwe. Hapo nikaitafuta ile karatasi ya maelezo, nikaisoma kwa taa, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Agizo lake la kwanza kabisa lilikuwa: kausha. Nilikuwa nimesomeshwa miaka mingi kwa mahindi ya mwanamke huyu ili nimsomee, na siku alipohitaji msomaji, nilisoma vibaya.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta kujua jinsi vitu vya namna hii vinavyozaliwa. Niliposhuka Kalemie kwa mkutano wa walimu nilisoma mengi juu ya magunia yale, na nilichokisoma kiliniongezea aibu, lakini pia kilinipa mwanga.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Profesa Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, alifanya kazi pamoja na watafiti wa Kameruni kutafuta namna ya kuhifadhi kunde za wakulima wa kaskazini ya nchi ile. Waliona ya kuwa chakula kikifungwa pasipopita hewa, wadudu waliomo huimaliza oksijeni kwa pumzi yao wenyewe, wakaacha kula, kisha wakafa. Baadaye Murdock na wenzake waligundua jambo la ajabu zaidi: katika mbegu kavu mdudu hana maji ya kunywa, bali hujitengenezea maji mwilini kutokana na chakula na oksijeni. Oksijeni ikikosekana, maji nayo hukosekana. Mdudu hafi kwa kukosa pumzi tu, hufa kwa kiu. Mwaka 2007, kwa msaada wa mfuko wa Bill na Melinda Gates, ulianza mradi mkubwa wa kuyaeneza magunia hayo katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, kwa jina la PICS. Mwanzoni ile herufi C ilisimama mahali pa neno la Kiingereza la kunde. Baadaye, watafiti walipokwisha kuyajaribu kwa mahindi na vyakula vingine, ikasimama mahali pa neno la mazao.

Tazameni hesabu hiyo. Tangu Kameruni mpaka mradi ule mkubwa ilipita miaka karibu 20, na hata baada ya hapo hawakusema «mahindi» mpaka walipoyajaribu mahindi. Mimi nilitaka kuifanya kazi hiyo kwa Jumamosi moja. Gunia halikuwa na kosa. Liliua wadudu kama lilivyoahidi. Halikuahidi kamwe kukausha. Unyevu ulioingia ndani haukuwa na njia ya kutoka.

Katika kusoma huko nilikutana pia na habari ya mpango mmoja wa serikali ya Marekani, nami naona inafaa tuifikiri sana. Mwaka 1977 ofisa mmoja wa Shirika la Taifa la Sayansi la nchi ile, Roland Tibbetts, alianza kuzigawia biashara ndogo fedha za utafiti. Alifikiri kwamba mawazo mapya mengi huzaliwa katika karakana ndogo, lakini hufa mapema kwa sababu mwenye karakana hana mali ya kupoteza katika majaribio. Mwaka 1982 wazo hilo likawa sheria. Kila wizara iliyotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa utafiti wa nje iliamriwa kutenga sehemu kwa ajili ya biashara ndogo. Sehemu hiyo ilianza na 0.2 kwa mia; mwaka 2017 ilikuwa imefika 3.2 kwa mia. Wizara ya Kilimo ilikuwa mojawapo, ikasaidia utafiti wa udongo, wa maji, wa mifugo, wa kuhifadhi mavuno.

Tusidanganyike na neno «ndogo». Katika mpango ule biashara ndogo iliwekewa mpaka wa wafanyakazi 500. Kwetu fundi mwenye nyundo mbili na mwanafunzi mmoja tayari huitwa bwana mkubwa. Lakini si wingi wa fedha ulionishika moyo, bali utaratibu. Mpango ule uliwekewa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mvumbuzi hupewa fedha kidogo na muda mfupi, ili aonyeshe kama wazo lake lawezekana au haliwezekani. Akishindwa, kazi husimama hapo, na hasara ni ndogo, tena imebebwa na wengi. Akifaulu, huweza kuomba fedha nyingi zaidi kwa hatua ya pili, ili akitengeneze chombo chenyewe na kukijaribu sawasawa. Katika hatua ya tatu fedha za mpango humalizika: sasa aende sokoni, watu wanunue au wakatae. Si kila aanzaye ya kwanza hufika ya tatu, wala si aibu kutofika.

Kati ya waliosaidiwa hivyo nilikuta kampuni moja yenye jina lililonifanya nicheke peke yangu: JUA Technologies International. Ndiyo, ni neno letu lile lile, jua linalotuangazia. Iliundwa Indiana na Klein Ileleji, profesa wa uhandisi wa kilimo katika Chuo Kikuu kile kile cha Purdue, pamoja na mkewe Reiko Habuto Ileleji. Shabaha yao ni kutengeneza vyombo vya kukaushia mazao kwa nguvu ya jua. Kimoja chao ni sinia jeusi lenye kifuniko kinachopitisha mwanga, ili mazao yakauke bila kuguswa na vumbi, wadudu wala mvua ya ghafla. Nikawaza: katika chuo kikuu kimoja mtu ameshughulikia kufunga, na mwingine ameshughulikia kukausha. Mimi nilikuwa nimenunua nusu ya pili ya elimu na kuisahau nusu ya kwanza.

Hatuna sheria kama ile kijijini kwetu. Lakini tuna likelemba. Familia 12 za kwetu huweka fedha kidogo kila Jumapili, na kila mara mmoja hupokea zote kwa zamu. Nilisimama mbele yao, nikakiri yaliyompata Shangazi, ingawa wote walikuwa wakiyajua, kisha nikaomba ya kwamba zamu moja isiende kwa mtu bali kwa jaribio. Mzee mmoja aliuliza: «Na safari hii litajaribiwa kwa mahindi ya nani?» Nikajibu: «Yangu.» Wakakubali.

Mwezi wa tatu 2020 shule zilifungwa nchini kote kwa ajili ya korona, nami nikawa na wakati. Tulimpa kazi hiyo kijana mmoja, fundi wa mbao. Kichanja chake cha kwanza kilikuwa fremu ya miti yenye mkeka chini, nayo ikafunikwa pande zote kwa plastiki inayopitisha mwanga. Asubuhi ya pili tulikuta matone yamejaa chini ya plastiki kama jasho, yakiyadondokea mahindi: tulikuwa tumejenga mvua ndani ya nyumba. Katika kichanja cha pili fundi aliacha nafasi chini upande wa mbele, na nyingine juu upande wa nyuma, akatandika kitambaa cheusi. Hewa iliyopashwa moto ikapanda na kutoka pamoja na unyevu, hewa nyingine ikaingia chini. Mahindi yalikauka haraka, lakini usiku wa tatu upepo wa mlimani uliirarua plastiki yote. Cha tatu alikipa miguu mirefu, na kifuniko chenye fremu yake, kinachofunguliwa kama cha sanduku, kimeinama ili maji yateremke. Hicho kilisimama. Aliandika katika daftari kila kosa na siku yake. Nikamwambia, na sikuwa nikimbembeleza: «Kurasa hizi za makosa ndizo zenye thamani kuliko kichanja.»

Ili kujua kama mahindi yamekauka, tulitumia njia ambayo kila mama anaweza kuifanya jikoni kwake. Chukua chupa kavu yenye mdomo mpana na mfuniko. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa kabisa motoni au juani, kisha tia mahindi mpaka robo ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, uache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi 15 kwa mia, nayo hayafai kufungiwa. Isipogandamana, yamekaribia; lakini kwa akiba ya miezi mingi yafaa yashuke mpaka 13 hivi. Kwa hiyo yaanike tena siku mbili zaidi.

Tulijaza bidoni tatu za lita 20, zote kwa mahindi yangu. Ya kwanza ilipata mahindi ya jua la siku moja. Ya pili, ya siku tatu. Ya tatu, yale ambayo chumvi ilikuwa imeyakubali, na siku mbili juu yake. Tulizifunga, tukaandika tarehe, tukaziacha miezi mitano. Mwezi wa tisa tulizifungua mbele ya likelemba yote. Ya kwanza ilinuka kama magunia yale. Ya pili ilionekana nzuri juu, lakini chini kabisa palikuwa na ukungu. Na hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa maana ingemdanganya mtu. Ya tatu Shangazi aliimimina mwenyewe katika ungo. Hakuna aliyesema neno mpaka mahindi yalipokwisha kulia.

Mwaka 2021 familia tano zilijaribu, kila moja kwa gunia moja tu. Baada ya hapo likelemba haikutoa kitu tena: anayetaka kichanja amwendee fundi. Bei yake ni kuku watatu au thamani yake. Wengine wamenunua, wengine wamekitazama na kwenda kujitengenezea chao, na fundi hulalamika juu ya hao, lakini hulalamika akicheka. Zipo shida ambazo hatujazishinda. Panya wakitoboa plastiki, gunia limekuwa gunia la kawaida. Plastiki ya kichanja huchakaa kwa jua lile lile inalolitumikia. Mwaka wa mvua nyingi mno, hata kichanja kizuri hungoja.

Hata hivyo nasema ya kuwa kazi hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tunapopoteza mahindi baada ya mavuno, tunapoteza pia udongo uliochoka kwa kuyazaa, mvua iliyoyanywesha, na migongo iliyoyapalilia. Mwaka ufuatao, ili kuijaza nafasi yao, tunakata msitu tena. Gunia lisilooza ni shamba lisilohitaji kukatwa. Tena ni chakula kisichopakwa sumu.

Kwa vijana mnaosoma maneno haya shuleni, mtakaorudi siku moja vijijini kwenu na elimu mpya, nawasihi jambo moja. Msiogope mambo mapya; mkiyaogopa, wazazi wenu watakuwa wamewasomesha bure. Lakini msiyajaribu kwa chakula cha mtu asiye na akiba. Anzeni na kidogo, anzeni na chenu, andikeni makosa, na msikilizeni mwanamke anayeyasikia mahindi kwa sikio lake, kwa maana naye amefanya utafiti wa miaka 60 bila kupewa fedha na serikali yoyote. Na ninyi wazazi mlio katika likelemba, vyama na mashirika ya parokia, kumbukeni ya kuwa fundi maskini mwenye wazo jema hawezi kulijaribu peke yake. Hasara ndogo iliyogawanywa kwa watu 12 huitwa masomo. Hasara hiyo hiyo juu ya mtu mmoja huitwa njaa.

Shangazi yu hai, namshukuru Mungu. Mjukuu wake alirudia mwaka, akafaulu. Mavuno yaliyopita nilimkuta akipanga chakula chake. Nusu ilikuwa katika magunia ya kisasa, yamefungwa barabara, chupa ya chumvi ingali mezani. Nusu nyingine ilikuwa imepandishwa katika dari, juu ya moshi. Nilimwuliza kama hata sasa haniamini.

Alinitazama kama nilivyozoea kuwatazama wanafunzi wanaouliza jambo lililokwisha kufundishwa. «Nakuamini, Mwalimu,» akasema. «Ndiyo maana nimekupa nusu.»